Kupe Mwenye Adabu

Kupe wangu alinisalimia nikiwa chooni, na kwa kuwa mimi ni mtu niliyelelewa, nilimjibu.

"Shikamoo mama," alisema kutoka chini ya ngozi ya tumbo langu, kwa ile sauti yake ya binti aliyesomeshwa na masista. "Umeamkaje leo?"

"Marahaba. Salama tu."

Nilisema salama nimeinama, mkono mmoja umeshika mlango usifunguke, mwingine umeshika ukuta, jasho linanitiririka kwenye nyusi. Nilitaka kuendelea. Nilitaka kumwambia kwamba tumbo limenguruma mpaka jirani akadhani kuna gari linakataa kuwaka. Lakini kupe alishatoa ule mlio wake mfupi wa kuridhika. Jibu limepokelewa. Nikahisi ubaridi mdogo kando ya kitovu: ameniongezea dozi.

Ndivyo anavyofanya kila ukimwambia salama. Anapanda ngazi.

Jina lake rasmi ni Kidhibiti Sukari cha Dawa Mbili, ila hapa Tabora hakuna anayelimaliza jina hilo bila kupiga mwayo. Ni mdogo kama punje ya hindi, amejishika nyamani, ananyonya kidogo ili apime sukari. Ungemwita nani? Ndani yake ana vifuko viwili. Kimoja kina metfomini, dawa waliyomeza bibi zetu, inayolizuia ini kumwaga sukari ovyo. Ikizidi, inavuta maji matumboni na kumfanya mtu mzima ajue kila choo cha mjini kilipo na mwenye ufunguo ni nani. Kifuko cha pili kina dawa ya shibe. Hiyo inauambia ubongo kwamba tumeshakula, na inakichelewesha chakula tumboni. Ikizidi, tonge la mchana unalo mpaka jioni, na ukicheua, harufu ni ya yai viza. Moja inasukuma, nyingine inazuia. Kwenye sukari zinapatana vizuri sana. Zikitaka kugombana, zinagombania matumboni mwetu.

Mimi ni Siwazuri binti Pazi, Mzaramo niliyeletwa Tabora na ndoa na kuachwa hapa na ndoa hiyohiyo. Mtaani kwetu Ng'ambo mimi ndiye msikilizaji. Kazi yangu ni kupita kwenye nyumba za wenye kupe na kukaa nao wakati wa kujibu. Mtu akisema salama, jibu linapita lenyewe. Akisema vibaya, kupe anasubiri niweke kidole gumba kwenye kioo changu cha mkononi na kutamka kwamba jibu hilo ni kweli. Hapo ndipo dawa zinazimwa.

Tangu niajiriwe, gumba langu halijawahi kupata kazi.

Waliomtengeneza kupe wanajivunia jambo moja kuliko yote: walimfundisha adabu. Laiti wangemfanya jeuri. Angeamka asubuhi akauliza, "Wewe, unaharisha?" tungemjibu ukweli, na tusi juu. Lakini nani anaamkiwa shikamoo halafu anajibu kwa habari za choo?

*

Nyumba ya kwanza siku hiyo ilikuwa ya mtani wangu Mihayo Kasanda, fundi wa mabehewa mstaafu, Mnyamwezi wa Sikonge kwa baba na kwa mama. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wao walipokuwa wanateremka na mizigo mpaka pwani kwetu. Naweza kumtukana mbele ya wakwe zake, na akikasirika, mwenye makosa ni yeye.

"Mzaramo hapigi hodi," alisema. Alikuwa kwenye kigoda, mguu wa kushoto ameunyoosha juani. "Umekuja kuiba?"

"Niibe nini kwa watu ambao maisha yao yote ni kubeba? Mlianza na pembe za ndovu, leo mmefika kwenye kupe."

"Sisi tunabeba kimya kimya. Tumbo lako nimelisikia tangu kule msikitini linapiga ngoma yenu ya mdundiko."

Nikacheka, na tumbo likaitikia, na yeye akacheka zaidi. Kisha akageuza mguu ili nione kisigino. Kila mgeni lazima aonyeshwe kisigino hicho, kama watu wengine wanavyoonyesha picha ya mjukuu. Kabla ya kupe palikuwa na kidonda hapo ambacho ungeweza kukitia kidole. Hospitali walishafika mpaka kumchorea mstari wa wino chini ya goti, mahali msumeno utakapopita. Sasa pamefunga. Ngozi mpya, laini, ya rangi ya karanga iliyomenywa.

"Jana nimetembea mpaka stesheni," alisema. "Na kurudi."

"Na tumbo?"

"Tumbo gani? Nakula kama mwenye nyumba."

Ilikuwa kweli. Kuna watu wachache ambao zile dawa mbili zinaishi ndani yao kama mke na mume wa kwenye tangazo. Mihayo ni mmoja wao, na sijamsamehe.

Mkewe Nyamizi alitoka jikoni na bakuli la matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga. Akaliweka mbele yangu, akakaa mbali na harufu. Kanga aliyokuwa amejifunga ilimzunguka kiunoni mara nyingi kuliko kanga inavyopaswa kumzunguka mama wa watoto watano.

"Karibu dada Siwa. Kula."

"Na wewe?"

"Mimi nimeshakula."

Kupe wake akaamka. Unajua ameamka kwa sababu watu wote mnanyamaza, kama kuna mkwe ameingia.

"Shikamoo mama. Umeamkaje leo?"

"Marahaba mwanangu. Salama." Akavuta pumzi. "Ila tu..."

Mlio. Amepokea. Nyamizi akafumba mdomo juu ya ile "ila tu" yake, akanyanyuka polepole, akasema anakwenda kuangalia kuku.

Hawana kuku. Nilimfuata.

Nyuma ya nyumba, pembeni mwa bafu la mabati, alikuwa ameshika ukuta kwa mkono wa kushoto na kutapika maji matupu ya njano. Alipomaliza, alichota majivu kwenye kopo lililokuwa tayari pale, akayamwaga juu. Kando ya hapo palikuwa na marundo mengine ya majivu, yamepangana mpaka kwenye migomba. Nikamshika kiganja, nikafinya ngozi ya juu ya mkono. Ikabaki imesimama, kama hema, haikutaka kurudi.

"Unakojoa?"

"Kidogo."

"Rangi gani?"

"Dada Siwa, acha."

"Rangi gani, Nyamizi?"

"Ya chai ya rangi."

Nikamwambia hizo ni figo zinaomba maji, na kwamba kesho kupe akiuliza, aanze na neno vibaya, mimi niweke gumba, mchezo uishe. Alinitazama kama ninavyomtazama mtu anayenifundisha kupika wali.

"Na mguu wake?"

Hapo ndipo penyewe. Mpango huu wa kupe hauandikishi mtu, unaandikisha nyumba. Mke na mume wanakula chungu kimoja, kwa hiyo kupe wao wanazungumza, wanapimana, wanarekebishana. Akizimwa mmoja, mwenzake anazimwa. Ile dawa ya shibe haiuzwi popote nje ya mpango.

"Daktari alisema sukari ikipanda tena, kisigino kitafunguka," Nyamizi alisema. "Na mstari wameshauchora. Mimi kutapika nitazoea."

"Huzoei. Unakauka."

"Basi nikauke nikiwa na mume anayetembea." Akajifunga kanga upya, raundi moja zaidi. "Ukimwambia, nitakukana mbele yake. Nitasema Mzaramo ana maneno."

Nje barabarani punda wa chuma, mashine ya kuuza maji mitaani, alipita akipiga honi yake. Maji ya kutosha mtaa mzima, na mwanamke yule hakuweza kushusha kikombe kimoja kikakaa.

*

Daktari Bulugu wa ofisi ya kanda ni kijana mzuri. Nasema hivyo kwa sababu yatakayofuata yatakufanya umchukie, na hastahili yote. Alitokea kwenye kioo changu akiwa anakula chapati, akaificha chini ya meza.

"Daktari, Nyamizi Kasanda anatapika."

Aliangalia pembeni. "Mama, huyu ni salama. Amekuwa salama tangu awekewe." Akatabasamu. "Mtaa wenu wote ni salama. Mnatajwa mikutanoni, mnajua? Hakuna watu wenye matumbo imara kama ya Ng'ambo."

"Nimemshika mkono. Ngozi hairudi."

"Sikatai. Lakini wewe unathibitisha jibu, hutoi jibu. Mgonjwa mwenyewe amesema salama."

"Alitaka kuendelea, kupe akamkata."

"Anachukua jibu la kwanza. Watengenezaji waligundua kwamba mtu akipewa nafasi ya kuongea anaongeza chumvi."

"Waligundua kwa watu gani?"

Alitafuna kitu ambacho nadhani kilikuwa kimebaki kwenye shavu. "Si wa huku."

"Daktari, mama yako yupo?"

"Yupo. Yuko Magu."

"Akiwa na homa, ukampigia simu, ukamwuliza hali, la kwanza anakuambia nini?"

Niliona macho yake yakienda mpaka Magu na kurudi.

"Anasema hajambo," alisema.

"Halafu?"

"Halafu tunaongea habari za mvua. Halafu ndiyo anasema amelazwa."

"Basi huyo kupe wenu hafiki kwenye mvua."

Alicheka, kisha akaona hakuna cha kuchekesha. Akaniambia ameelewa, kweli ameelewa, na ataandika. Swali lazima libadilishwe. Lakini kubadilisha swali ni kubadilisha kifaa, na kifaa kilichobadilishwa kinapimwa upya kabla ya kurudi kwa watu. Labda mvua zijazo.

"Nyamizi hatazifikia mvua zijazo."

"Basi aseme vibaya. Neno moja. Uweke gumba, nawazima saa hiyohiyo, namwekea dripu."

"Mnawazima wote wawili. Huyo mume ana mguu."

"Najua ana mguu, mama. Niliushika mimi." Sasa na yeye alikuwa amechoka. "Niliomba watenganishwe. Niliambiwa mmoja akiacha dawa, chakula cha nyumba kinabadilika, na takwimu za mwenzake zinaharibika. Unataka nifanye nini? Niseme uongo?"

Nilitaka kumjibu kwamba sisi huku ndiyo kazi tunayomfanyia kila asubuhi. Nikazima kioo. Nikakaa kwenye ngazi ya ofisi ya mtaa nikiwa na hasira ambayo sikuwa na wa kumpa. Mashine ina adabu. Daktari ana huruma. Nyamizi ana mapenzi. Mihayo ana mguu. Kila mtu ana kitu kizuri, na mwanamke anakauka katikati yao kama dagaa.

*

Kwetu mtani akifa, watani wake ndio wanaokuja kuharibu msiba. Tunamwigiza marehemu: alivyotembea, alivyokohoa, alivyokuwa mchoyo wa nyama. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka, na hakuna anayeweza kutuzuia. Mtani akiigiza, haulizwi nani kakwambia.

Hakuna aliyesema lazima mtu awe amekufa kwanza.

Asubuhi iliyofuata niliingia kwa Mihayo nimejifunga kanga kichwani na kiunoni, napiga yowe tangu barabarani.

"Jamani, Nyamizi wetu. Ametuacha na Mnyamwezi asiyejua hata kuchemsha maji."

Mihayo aliangusha mswaki. Kisha akaona ni mimi, akaanza kucheka. "Mtani, umechanganyikiwa? Huyu hapa, yuko mlangoni."

"Huyo ni kivuli. Sogea, nimwigize marehemu alivyokuwa."

Nyamizi alisimama mlangoni. Alinielewa kabla sijaanza, nikaona kwenye macho yake kwamba urafiki wetu nimeuweka rehani.

Nikaweka bakuli la kufikirika mbele ya Mihayo. "Karibu mume wangu. Mimi nimeshakula." Nikakaa mbali, nikageuza pua. Mihayo alicheka, sauti ile nilikuwa nimeipatia. Nikajizungusha kanga kiunoni, nikazungusha, nikazungusha, mpaka nikaonekana kama mtu anayefunga mzigo uliopungua njiani. Bado alicheka, lakini chini chini. Kisha nikaitika shikamoo. "Marahaba mwanangu. Salama. Ila tu..." Nikajikata kwa mlio wa kupe. Nikanyanyuka. "Naenda kuangalia kuku."

"Kuku gani?" Mihayo alisema.

Nilikwenda ukutani, nikaushika kwa mkono wa kushoto, nikainama. Kisha nikachota majivu ambayo hayakuwepo, nikayamwaga, nikayasawazisha kwa mguu. Nikachota tena. Nikasogea hatua, nikamwaga tena. Nikasogea.

Hakuna aliyecheka. Mihayo alinyanyuka bila kutafuta kandambili, akapita kando yangu, akaenda nyuma ya nyumba kwa kisigino chake kipya. Alikaa huko muda wa kutosha kwa mtu kuhesabu marundo na kurudia. Aliporudi uso wake ulikuwa na rangi ya majivu yenyewe.

"Tangu lini?" alimwuliza mkewe.

"Mzaramo ana maneno," Nyamizi alisema.

"Mama Shija. Tangu lini?"

Akatazama chini. "Tangu kidonda kilipoanza kufunga."

Kama kuna kitu kinaitwa wakati mbaya, kupe wanaujua. Wa Nyamizi akaamka pale pale. "Shikamoo mama. Umeamkaje leo?"

"Mwambie," Mihayo alisema.

Nyamizi alimtazama mumewe, akateremsha macho mpaka kwenye mguu, akayaacha hapo.

"Marahaba," alisema. "Salama."

Mlio. Nikaona mabega yake yakijikunja ule ubaridi ulipoingia. Mihayo aliinama kwenye tumbo la mkewe, akamwambia kupe kwa sauti ya kusemesha kiziwi kwamba huyu mama ni muongo, anatapika, arudie swali. Kupe hakumjua. Kupe anaijua sauti ya mwenyewe tu.

Kisha wa Mihayo akaamka. Kwa wazee wa kiume wanatumia binti yuleyule, ila anakuwa mpole zaidi.

"Shikamoo mzee. Umeamkaje leo?"

Mihayo aliiacha shikamoo ikining'inia hewani. Mzee wa miaka yake, aliyeitikia shikamoo za walevi na za wezi, alinyamaza, na ule ukimya ulinitia aibu kuliko tusi lolote. Ndipo akasema:

"Vibaya."

"Mume wangu," Nyamizi alisema.

"Vibaya. Natapika. Chakula hakikai. Nakojoa chai." Alinitazama mimi muda wote. "Ngozi yangu hairudi."

Kupe hakutoa mlio. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alinyamaza kidogo, kama mtu anayetafuta sentensi aliyoisoma zamani. "Pole sana mzee," akasema. "Namsubiri msikilizaji."

Kioo changu kikawaka mkononi. Kilitaka gumba, na kilitaka nitamke kwamba jibu hilo ni kweli.

Nami nilijua kwamba mtu huyu hula ugali wa watu wawili. Tumbo lake ni zima kama ngoma. Miezi yote nilikuwa nalalamika kwamba mtaa mzima unadanganya kwa neno salama, na sasa neno la kwanza la vibaya linalotua mikononi mwangu ni la uongo. Nikigoma, Nyamizi atapandishiwa dozi kesho, na kesho kutwa. Nikikubali, naapa uongo, na ule mstari wa wino chini ya goti naurudishia msumeno wake.

"Mtani," nilisema. "Jibu hili ni kweli?"

"Hao wa mpango wamesema sisi ni watu wawili?"

"Wamesema ni nyumba moja."

"Basi tumbo la nyumba hii linatapika." Alirudi kwenye kigoda akakaa. "Weka kidole, Mzaramo. Usinifanye nirudie, maana nikirudia nitaogopa."

Nikaweka. Nikatamka. Kupe wote wawili wakaaga kwa pamoja, kwa heshima zote, wakawatakia wenye nyumba siku njema, wakazimika.

Nilitarajia Nyamizi alie. Alinijia akanitazama kwa karibu, na kwa kitambo nilifikiri atanipiga kofi, na ningelipokea. Kisha akamgeukia mumewe.

"Nimetapika mpaka nyongo kwa ajili ya mguu huo," alisema. "Wewe umeutoa kwa neno moja. Hukuniuliza."

"Na wewe hukuniuliza."

"Mjinga."

"Ndiyo."

"Mjinga kabisa."

"Nikikatwa," Mihayo alisema, "huyu mtani wangu atapata kazi ya kuniigiza mpaka azeeke. Ataruka ruka kama..."

"Nyamaza."

Mimi nilishaita gari la daktari. Lilikuwa limeanza safari na dripu ndani. Nyamizi alikuwa ndani ya nyumba, tunasikia maji yakimiminwa. Alitoka na beseni na kipande cha sabuni, akishika fremu ya mlango, kisha nguzo, kisha bega langu, bila kuniangalia. Akapiga magoti mbele ya kigoda. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba vumbi halikutimka.

"Lete huo mguu," alisema. "Niuone kila siku, kabla kidonda hakijaanza tena."